Usikubali mzaha ukuchagulie mwavuli

Wakongwe wa kuruka kwa parachuti pale Diani, pwani ya Kenya, waliupa mwavuli wangu wa kwanza, yaani parachuti yangu, jina: turubai la harusi. Ulikuwa wa kukodi, futi za mraba 230, rangi ya chungwa iliyopauka. Mkubwa hivyo hushuka polepole, kwa hiyo kila nikitua nao, wenzangu wameshakunja yao zamani, na mtu hunipokea na swali: "Viti umeviacha wapi?" Mwingine anadakia: "Muacheni, ana wageni mia tatu." Nilikuwa nacheka nao. Baadaye mzaha huo ulinivunja kifundo cha mguu.

Ila nianze na mafunzo, maana ndiyo watu huniuliza zaidi. Kuruka ukiwa umefungwa kifuani mwa mwalimu ni utalii, na si vibaya, nami nilianza hivyo. Ukitaka kuruka mwenyewe, wengi hupitia kozi ya AFF, yaani mafunzo ya haraka ya kudondoka angani kabla ya kufungua mwavuli: siku nzima ya darasa, kisha ngazi saba au nane angani. Mwanzo walimu wawili wanakushika huku na huku, mnatoka kwenye ndege futi 12,000 hivi, mnashuka kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa. Kwa upepo ule hamsikizani, kwa hiyo mwalimu anasema kwa vidole. Gumba likielekea chini, sukuma kiuno mbele. Vidole viwili mbele ya uso wako, nyoosha miguu. Mruko wangu wa pili nilioneshwa vidole viwili, nikadhani mwalimu ananipongeza, nikamrudishia vyangu viwili na tabasamu juu. Video ipo. Kila mwanafunzi mpya akija, wanamwekea.

Kitu usichotakiwa kukifanyia haraka ni zoezi la dharura. Mwavuli ukifunguka vibaya, mkono wa kulia unavuta kishikio cha kujitenga nao, wa kushoto unavuta cha mwavuli wa akiba. Mwanafunzi awe ameshaamua kabla ya kufika futi 2,500. Mlolongo huo niliurudia hadi kwenye feri ya Likoni, nimesimama katikati ya watu: tazama, shika, vuta. Mama mmoja mwenye beseni la viazi akanishika bega. "Mwanangu, kifua kinakubana?" Rudia mpaka watu wakuulize hivyo.

Sasa vifaa. Nunua kwanza vidogo: kofia inayokukaa sawasawa, altimita ya mkononi, yaani kipimo cha urefu uliopo angani, miwani. Begi na miavuli yake viwe vya mwisho, kwa sababu mwili wako na ujuzi wako bado vinabadilika. Na usinunue mwavuli kabla ya kupiga hesabu hii. Mimi nina kilo 80, vifaa vyote kilo 12, jumla kilo 92, ambazo ni ratili 203 hivi. Gawanya kwa ukubwa wa mwavuli kwa futi za mraba; namba ikipanda, mwavuli unakuwa mkali zaidi. Kwenye 210 napata 0.97. Mtu aliyemaliza kozi juzi abaki hapo, kwenye moja kushuka chini.

Mimi nilikuwa na miruko 60 nilipouziwa mwavuli wa 150, wa mtumba, mzuri wa kutamanisha. Hesabu yake ni 1.35. Niliijua, nikanunua hivyo hivyo, kwa sababu ya viti vya harusi.

Ilikuwa Julai, kusi kimekaza. Kule juu raha tupu, mwavuli unageuka ukiufikiria tu. Nikashuka kuelekea ufukweni, na nilipofika usawa wa vichwa vya minazi, ngamia wa watalii akaingia njiani, mwenyewe akimvuta bila habari. Nikavuta breki ya kushoto, yaani kamba ya kugeuzia upande huo, kwa nguvu. Turubai langu la zamani lingegeuka taratibu kama daladala. Huu mdogo uliinamisha pua ukapiga mbizi, na mchanga wa Diani ukija kwa kasi ile si mchanga tena. Ngamia hakushtuka hata kidogo.

Nilichotakiwa kufanya ni kuvuta breki zote mbili nusu, kisha kugeuza kidogo tu, mwavuli ukiwa bado mlalo. Zoezi hilo hufanywa juu, futi elfu tatu na zaidi, mara nyingi, kabla hujalihitaji chini. Sikuwahi kulifanya na ule mwavuli hata mara moja. Na kile kifaa cha kielektroniki kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe, ambacho kila anayeuza begi hukitaja kwanza, hakikuwa na la kunisaidia. Kimetengenezwa kwa mtu anayepita futi 750 hivi bado anadondoka kwa kasi. Mimi mwavuli wangu ulikuwa wazi na mzima kabisa, na warukaji wengi wanaoumia siku hizi huumia hivyo hivyo. Bill Booth, aliyebuni mfumo wa pete tatu tunaojitengea nao na mwavuli mbovu, husema kadiri vifaa vinavyozidi kuwa salama ndivyo warukaji wanavyozidi kujihatarisha.

Ukinunua mtumba, usimwamini muuzaji wala picha. Mpelekee fundi wa parachuti kabla hujalipa, apime kamba, asome kadi ya mwavuli wa akiba, aulize kama begi limewahi kuingia baharini. Huku pwani nailoni inaliwa na jua, na mchanga unajificha kwenye mirija ya waya za vishikio. Fundi akikunja uso, ondoka.

Aliyenibeba siku ile hadi garini ni mzee yule yule aliyeanzisha jina la turubai, mwenye miruko zaidi ya 3,000. Njiani akaniuliza, "Hesabu yako ngapi kwenye ule mwavuli?" Nikamwambia. Akanyamaza hadi Ukunda, kisha akasema, "Mimi nilikuwa natania. Hukuja kuniuliza." Kweli, sikumuuliza. Mzee huyo ndiye anayenivuta mkanda wa kifua kila kabla hatujapanda ndege, bila kuombwa, huku akinitukana.

Sasa nina miruko 240 na mwavuli wa 190. Siku ya kwanza kuurusha nilitoa kreti ya soda, maana kwetu ukifanya jambo mara ya kwanza unalipa. Mzee akafungua yake, akaukagua mwavuli kuanzia pembe hadi pembe.

"Limepungua hili," akasema. "Harusi imekuwa posa."