Pimeni kwanza pa kusimamia

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa klabu ya magari hapa Arusha. Tuko wanachama 34: Subaru nyingi, Altezza, Crown tatu, na mama mmoja mwenye Vitz ambaye ameapa habaki nyumbani. Tumechoka kusemwa kwamba tunashindana barabarani usiku, na kusema kweli wapo wanaofanya hivyo. Sasa rafiki yetu mwenye shamba ana kiwanja cha ndege ndogo, cha lami, mita 1,100, na ametupa Jumamosi moja. Tunataka mbio za dragi za wanachama tu, magari mawili mawili kwenye mstari ulionyooka, robo maili kama Wamarekani, bila kiingilio wala zawadi. Wenzangu wanasema eneo ni la mtu binafsi, kwa hiyo tunahitaji chaki ya mstari na mtu wa bendera, basi. Tuanzie wapi?
Katibu, Arusha

JIBU: Marahaba. Huyo mama wa Vitz muingizeni kwenye kamati, nitarudi kwake.

Katika barua yako yote mimi nimeishika tarakimu moja tu, hiyo 1,100. Robo maili ni mita 402. Toa na mita 80 za nyuma, maana magari yanahitaji pa kujipanga. Zinabaki mita 618 za kusimamisha gari, na najua kwenye kikao mtaziona nyingi. Hebu twende taratibu. Subaru iliyoshiba ikipita mstari wa mwisho kwa kilomita 170 kwa saa, dereva akikanyaga breki kistaarabu, itasimama baada ya mita 370 hivi. Hapo ni asubuhi, pedi za breki bado baridi. Saa nane mchana, mzunguko wa tano, pedi zimechemka, pedali inazama mpaka sakafuni, na kijana alichelewa kukanyaga kwa sababu alikuwa akimwangalia wa pembeni. Halafu hujaniambia baada ya lami kuna nini. Mtaro? Mikaratusi? Nyumba ya mlinzi?

Kimbieni mita 201, nusu ya hiyo robo maili. Hapo wengi wenu mtapita mstari kwenye kilomita 130 hivi, breki ya kistaarabu inataka mita 220, na mbele mnabaki na 800. Wenzako watanuna, watasema hiyo ni dragi ya watoto. Waambie kwamba mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufia kwenye uwanja wa Englishtown kule New Jersey, NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, kilipunguza mbio za magari yake ya kasi kabisa kutoka mita 402 hadi 305, na mpaka leo hawajarudisha. Na wale wana miavuli ya kusimamishia gari.

Kuhusu "eneo binafsi". Mwenye shamba anaweza kuwapa lami yake, lakini anga si lake. Apitie Mamlaka ya Usafiri wa Anga ili marubani watangaziwe kwamba kiwanja kimefungwa siku hiyo, na mtandike X kubwa nyeupe juu ya lami inayoonekana kutoka juu. Nendeni pia kwa Chama cha Magari Tanzania, AAT, ambacho ndicho kinachosimamia michezo ya magari nchini, kisha kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na Zimamoto. Someni na karatasi za bima zenu. Nyingi, hata bima kubwa, hazilipi gari lililoharibika kwenye mashindano au majaribio ya mwendo, liwe barabarani au shambani. Kwa hiyo siku hiyo iwe na bima yake, na kila dereva ajue kwamba gari lake ni juu yake.

Gari la wagonjwa nalitaja peke yake kwa sababu liliwahi kunigombanisha na watu. Miaka ile nilikuwa mshika bendera kwenye siku ya klabu kama hii yenu. Saa saba mchana mpishi wetu wa chipsi akamwagikiwa mafuta mkononi, gari la wagonjwa likampeleka hospitali. Nikakunja bendera, nikaikalia. Tulikaa saa moja na dakika kumi. Kijana mmoja aliyekuwa mstari wa mbele aliwasha, akazima, akawasha, akaja kuniambia, "Mzee, mpishi si dereva, sisi tuendelee." Nilimpa soda. Ikiwa mnaweza kupata magari mawili, pateni mawili. Ikiwa ni moja, basi likiondoka, mbio zimesimama, na hilo lisemwe asubuhi mbele ya wote ili lisije kuwa ugomvi wa mchana.

Ukaguzi ufanywe na fundi asiyeshindana. Agusane na kila nati ya gurudumu kwa spana, asiishie kutazama. Siku ile ile ya chipsi nilikuta gari lenye nati mbili zinazozunguka kwa vidole. Mwenyewe alibadilisha tairi njiani alfajiri na akasahau kukaza. Betri ifungwe, isitingishike. Kapeti za sakafu na chupa za maji chini ya siti vitoke vyote. Kwenye rejeta wekeni maji matupu kwa siku hiyo, kwani kulanti, ile dawa ya kupozea injini, ikimwagika lami inakuwa sabuni. Helmeti kwa wote, mkanda, vioo vimepandishwa, hakuna abiria hata mke wa mtu. Aliyekunywa apewe kazi ya kugawa maji.

Lami ifagiliwe asubuhi kwa ufagio mgumu na watu kumi waliojipanga mstari mmoja, maana kokoto moja ikirushwa na tairi inavunja kioo cha mwenzako. Wekeni simenti kavu na mitungi ya kuzimia moto mwanzoni na mwishoni. Watazamaji wakae upande wa kuanzia, nyuma ya kamba, mbali na lami. Kule mwisho asiwepo mtu ila mwenye redio.

Kitu ambacho klabu nyingi hukigundua wakati jua limeshawaka ni kwamba viwanja vya namna hiyo havina njia ya kurudia. Gari lililomaliza likirudi juu ya lami ile ile, wengine wanasubiri. Basi pelekeni magari kwa makundi: jozi tano zikimbie, zipangwe kule mwisho pembeni, kisha zirudi zote pamoja polepole. Kundi la magari kumi huchukua kama dakika 20 kwenda na kurudi. Saa sita za kazi ni makundi 18, yaani kila gari kama mara tano, na hapo hakuna lililovuja kitu.

Sasa mama wa Vitz. Asubuhi kila mtu akimbie peke yake apimwe muda, kisha kabla ya kushindana ataje muda wake mwenyewe. Tuseme Vitz inataja sekunde 12.4, Subaru inataja 9.1. Vitz inaachiwa kwanza, Subaru inangoja sekunde 3.3 ndiyo iondoke. Kila mmoja akiendesha kama alivyotaja, watafika bega kwa bega. Ukienda kasi kuliko ulivyotaja, umeshindwa, kwa hiyo kudanganya hakulipi. Klabu za rali zina vifaa vya miali ya mwanga vya kupimia muda; waombeni wawaazime pamoja na mtu wao. Saa za mkononi zitawapa ugomvi tu. Mimi hela yangu naiweka kwa Vitz.

SWALI: Nina Altezza isiyo na turbo. Dar ni kali, ila nikiipandisha Arusha inakuwa kama imebeba matofali. Fundi anataka kubadilisha pampu ya mafuta. Nimruhusu?
Msomaji, Tabata

JIBU: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ya kule ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya Dar, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho, kwa sababu inavuta pumzi pungufu. Wenye turbo, ile inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, huziba sehemu kubwa ya pengo hilo, ndiyo maana Subaru za huko zinakucheka. Shuka nayo Dar. Ikirudia ukali wake, mwambie fundi aiache pampu mahali pake.