Re: Watoto wanachora alama nne, wanapata sehemu tano

Salamu mwalimu. Umesema wanafunzi wako wa Gredi ya 4, wakiambiwa wagawe mstari wa 0 hadi 1 kwa robo, huweka alama nne katikati na kupata sehemu tano. Wanahesabu alama badala ya nafasi.

Weka rula kando kwanza. Kata ukanda wa karatasi wa sentimita 24, wakunje nusu, kisha nusu tena. Wakiukunjua wataona mikunjo mitatu, nafasi nne. Waache wabishane kidogo hapo. Ulaze juu ya mstari wa urefu uo huo, kidole kianzie 0 (wengi huanzia mkunjo wa kwanza!) na kiruke: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne. Alama ziko sentimita 6, 12 na 18. Theluthi ni 8 na 16, ila kukunja ukanda sehemu tatu sawa huwasumbua, wapimie.

Usiishie 1. Unganisha ukanda wa pili waruke hadi 5/4, la sivyo wataamini akisami (nambari kama 3/4) haiwezi kuzidi kizima. Chapati ya kukatwa inafaa kwa nusu na robo, lakini haionyeshi kwamba 3/4 ni nambari yenye mahali pake.