Vipande vya kitenge: kabla hujavishona, jua ni vya nani

Dada mmoja wa Mbagala ameniandikia wiki iliyopita: "Dada habari, najifunza kushona nyumbani. Nina kiroba kimejaa vipande vya vitenge na mabonge ya uzi nusu nusu, mume wangu anasema nitupe. Nifanyeje?" Nilicheka. Na ujumbe umenikuta na moyo mweupe, maana Jumamosi nimekabidhi oda ya pochi za zawadi za kicheni pati, zote za vipande, na mama mwenye shughuli kaniongezea hela juu bila kuombwa. Wenye cherehani mnajua hilo hutokea mara ngapi.

Mwambie shemeji asubiri kidogo. Ila nijibu kwanza: hivyo vipande ni vya nani?

Usinione mkorofi. Kitenge kwa kawaida huuzwa pisi ya yadi 6, na gauni la kawaida la mtu wa mwili wa wastani halimalizi yadi zote hizo. Kinachobaki hapo ndicho kinachozaa maneno kati ya fundi na mteja katika jiji hili zima. "Fundi kala kitambaa." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye daladala, msibani, saluni. Sikuwahi kudhani ingenigeukia mimi.

Mambo ya vipande nilianza mwaka 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni. Tabata hapa watu walikuwa wanakwenda gengeni na beseni, wengine nyanya wanafunga kwenye pindo la khanga. Nikaunga mabaki, nikashona mifuko ya sokoni, nikaining'iniza kwenye dirisha la baraza. Ikanunuliwa. Nikashona mingine, ikanunuliwa tena. Siyo kujisifu, lakini mtaa mzima ulikuwa umebeba mikono yangu begani.

Sasa, kulikuwa na mteja, jina namhifadhia. Aliniletea kitenge cha sare ya harusi ya ndugu yake, cha kijani na maua ya njano, kitambaa kizito chenye pamba ya kweli. Gauni likamkaa. Nikamkabidhi na vipande vyake nimevikunja vizuri, akaniambia, "Aa, vya nini hivyo, tupa tu." Mdogo wangu alikuwepo, anasikia. Sikutupa, nani anatupa kitenge kama kile? Kikawa mfuko, jirani akaununua. Baada ya muda yule mteja akauona gengeni, kwenye bega la mtu asiyemjua. Hakuja kwangu. Alikwenda kulisema kwenye kikao cha kikoba, mbele ya wanawake ambao nusu yao nawashonea: mkimpelekea yule kitambaa, mtakiona kimegeuka mifuko.

Nilieleza. Mdogo wangu akaeleza. Waliotaka kuelewa walielewa, waliotaka maneno walibaki nayo, na wateja wengine hadi leo hawajarudi. Tukikutana na yule mteja ananiamkia vizuri kabisa, "Shikamoo dada," nami naitikia marahaba. Inanikaba hapa kooni kila mara.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mbagala, kama umeanza kushonea watu, muulize mteja. Kwenye daftari la vipimo, chini ya kiuno na urefu, andika mstari mmoja: vipande amechukua, au vipande ameacha. Aweke sahihi hapo hapo. Wengine watacheka, waache wacheke na waweke sahihi. Anayechukua, mfungie kwenye mfuko mmoja na nguo yake, hata vile vidogo kama kiganja.

Na muulize mapema, siku anapoleta kitambaa, siyo siku anapochukua nguo. Hapa ndipo penye hela, na mafundi wengi wanapapita. Ukimwambia mteja, "Mama, hapa patabaki kitambaa, nikutolee na pochi ya kulingana na gauni, au kilemba?" ni wachache watakaokataa, hasa wa sare. Ukishajua hivyo kabla ya kukata, unabadili upangaji: sogeza paterni zako zote zibanane upande mmoja wa kitambaa, mabaki yawe ukanda mmoja mrefu ulionyooka. Ukikata ovyo katikati, unabaki na miezi michanga na pembe za kwapa ambazo hazina kazi. Zile pochi za Jumamosi zilitoka kwenye sare za shughuli ile ile. Mama alilipia ushonaji, kitambaa kilikuwa chake tangu mwanzo, na hakuna wa kuninyooshea kidole.

Haya, tuje kwenye kiroba chako.

Kimwage chini, utenge pamba na isiyo pamba. Kama hujui, kata uzi mdogo, uuchome kwa kiberiti juu ya sahani ya bati. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika. Polista inajikunyata, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Usivichanganye kwenye kitu kimoja: pasi inayonyoosha pamba itaiunguza polista, na pamba isiyofuliwa itasinyaa baada ya maji wakati mwenzake yuko vile vile. Halafu angalia kuchuja rangi. Lowesha kipande, kikandamize kwenye kitambaa cheupe kwa pasi ya moto. Kikiacha doa, kisikae karibu na cheupe maisha yake yote.

Mfuko wa sokoni ndio wa kuanzia, usianze na shuka la viraka, utachoka njiani. Kata miraba ya inchi 5 kwa 5. Pima kwa rula kila mmoja, usikadirie kwa jicho, kwa sababu kosa dogo kwenye mraba mmoja likifika kwenye wa nne limekuwa pengo. Unga minne kwa mstari ukiacha nusu inchi ya mshono kila upande, kisha mistari minne pamoja. Fungua kila mshono kwa pasi kabla hujaunga unaofuata, hata kama umeme umekatika na unatumia ya mkaa. Fundi anayeshona viraka bila pasi mimi simwelewi. Miraba 16 upande huu na 16 upande ule inakupa mfuko wa inchi 16 kwa 16. Weka bitana, kile kitambaa cha ndani, mshono utafumuka kwa vitunguu usipoweka. Mpini kata upana wa inchi 4, ukunje mara mbili ubaki inchi 1, piga mistari miwili ya mshono, na pale unapokutana na mfuko piga mraba wenye msalaba ndani.

Habari ya uzi wa kufumia ni fupi. Mwingi unaouzwa kwetu ni wa akriliki, nao unayeyuka kwenye moto, kwa hiyo usifume kishikio cha sufuria, utaungua vidole. Fuma kwa kroshia miraba midogo ya ukubwa mmoja, kila bonge linaishia pale linapoishia, ukimaliza iunge kwa uzi wa rangi moja, nyeusi au maziwa, ndiyo itakayoifanya ionekane imekusudiwa. Inatoka kitambaa cha kochi au shali la mtoto. Wazazi wa Dar mnawavika watoto sweta Januari, soko lipo.

Niseme na hili, hata kama litawakera. Sote tunataka siku moja tuwe na duka lenye jina letu mlangoni. Lakini tunaingia Kariakoo kununua zipu, tunatoka na pisi mpya ya kitenge kwa sababu tu rangi imetuita, na kiroba nyumbani kinapanda. Wadada, kama huna wa kumshonea kitu, kipande hakina kazi. Tafuta mtu kwanza, anataka nini, kwa ajili ya nani, ndipo ufungue kiroba. Na muulize mteja. Nimeshasema, narudia.

Vile visivyofika inchi 2 usivihangaikie na mshono. Vikate kwa mkasi mzee viwe vidogo zaidi, ujazie mto wa kukalia wa barazani. Tia pamba na polista, hapo haina shida, ila jinzi usitie, mto utakuwa na mabonge na wageni wako watakaa upande mmoja.