Mlinganyo mmoja, herufi mbili, jozi tisa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Lamu, na shule yetu inajiandaa kwa shindano la hisabati. Kwenye karatasi ya mazoezi kuna swali hili: tafuta jozi zote za namba nzima chanya x na y ambazo 1/x + 1/y = 1/6. Nilizidisha nikapata xy = 6x + 6y, nikakwama hapo. Mwalimu wetu wa tuisheni ya jioni anasema mlinganyo mmoja wenye herufi mbili hautatuliki, niandike 12 na 12 nisonge mbele. Majibu yanasema jozi ni 9. Nilinunua karatasi yake ya fomula za mashindano kwa shilingi 200 lakini humo sioni inayofanana na hili. Nikariri fomula gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpaka hapo ulipofika hukukosea kitu. Aliyekosea ni huyo wa tuisheni, na nitamrudia.

Peleka yote upande mmoja: xy − 6x − 6y = 0. Sasa ziache herufi, fikiria mkeka. Urefu wake shubiri x, upana wake shubiri y, kwa hiyo eneo lake ni xy. Kata kipande cha shubiri 6 kichwani mwa mkeka: umeondoa 6y. Kata tena ukanda wa shubiri 6 ubavuni, kana kwamba mkeka bado mzima: umeondoa 6x. Lakini ile pembe vinapokutana vipande viwili umeiondoa mara mbili, na mkeka haukatwi mara mbili mahali pamoja. Basi pembe hiyo irudishe mara moja, nayo ni 6 kwa 6, yaani 36. Kipande kilichobaki mkononi kina urefu x − 6 na upana y − 6, na eneo lake ni xy − 6x − 6y, ambayo ni 0, ukijumlisha ile 36 uliyoirudisha. Kwa hiyo:

(x − 6)(y − 6) = 36

Kazi imekwisha hapo. Kwa kuwa 1/x peke yake ni ndogo kuliko 1/6, lazima x izidi 6, na y vivyo hivyo, kwa hiyo mabano yote mawili ni chanya. Namba zinazozaa 36 ni 1 na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9, 6 na 6. Ongeza 6 kila upande: 7 na 42, 8 na 24, 9 na 18, 10 na 15, 12 na 12. Zile nne za mwanzo zigeuze, x iwe y, unapata nne nyingine. Jumla 9. (Swali lingesema mpangilio haujalishi, jibu lingekuwa 5. Nimeona watoto hodari wakipoteza alama kwa kutosoma sentensi hiyo.)

Sasa hilo la “hautatuliki”. Nalisikia kila muhula, na limenichosha. Kama x na y zingekuwa namba yoyote ile, mlinganyo wako ungekuwa na majibu yasiyo na mwisho: weka x = 13, y inakuwa 78/7, na jibu hilo lina haki yake. Lakini swali halikusema namba yoyote. Limesema namba nzima chanya, na maneno hayo matatu ndiyo mlinganyo wako wa pili, ameuandika mtunzi kwa Kiswahili badala ya kwa alama. Ukienda kwa muuza vitafunio na shilingi 100, mahamri ni shilingi 10 kila moja, sambusa shilingi 30, ukataka vyote viwili na pesa iishe, mbona hukwami? Hakukatii sambusa nusu, basi njia ni tatu tu: sambusa moja na mahamri saba, mbili na manne, tatu na moja. Mlinganyo mmoja, vitu viwili, na hakuna mtoto wa Mkunguni, hapo kwenu Lamu, asiyeutatua kwa kichwa.

Na 12 na 12? Ni sahihi, ila ni jozi moja kati ya tisa. Neno “zote” katika swali la mashindano halikuwekwa pambo. Linakudai majibu yote, na pia sababu ya kwamba hakuna jingine lililobaki nje. Mabano yetu yamefanya yote mawili kwa mpigo, kwa sababu vigawo vya 36 vinahesabika vikaisha.

Umeniuliza ukariri fomula gani. Fomula ipo, na ndiyo maana nina wasiwasi. Muhula uliopita kijana mmoja hapa Malindi alinijia na karatasi kama yako, ya muuzaji mwingine, imeandikwa kwa herufi kubwa: CHUKUA MRABA WA NAMBA YA CHINI, HESABU VIGAWO VYAKE, HIYO NDIYO IDADI YA JOZI. Kwa swali lako inafanya kazi: mraba wa 6 ni 36, vigawo ni 9. Nikamwandikia swali la aina hiyohiyo, ila upande wa kulia nikabadilisha tarakimu mbili, ya juu na ya chini:

1/x + 1/y = 3/7

Hakuchukua hata sekunde tano. “Tatu,” akasema, maana vigawo vya 49 ni 1, 7 na 49. Nikamwambia sawa, nionyeshe jozi moja tu katika hizo tatu. Alitafuta mpaka adhana ya alasiri. Hakuna hata moja. Ukizidisha kama ulivyofanya wewe, kisha ukazidisha tena kwa 3 ili mabano yakubali kufungika, unapata (3x − 7)(3y − 7) = 49. Bano la kwanza likiwa 1, 7 au 49, basi 3x ni 8, 14 au 56, na hakuna hata moja kati yake inayogawanyika kwa 3. Vigawo hasi navyo ukivijaribu, havitoi x na y chanya kwa pamoja. Yule kijana alikuwa na jibu la swali ambalo hakuulizwa, na aliyemuuzia hakumwambia kwamba fomula ile ina masharti, kwa sababu nadhani hata yeye hayajui.

Fomula hiyohiyo ungeigundua mwenyewe jioni moja, bure. Badala ya 1/6 anza na 1/2: jozi ni 3 na 6, 4 na 4, 6 na 3. Tatu. Nenda 1/3: ni tatu tena. Nenda 1/4: tano. Utaanza kujiuliza kwa nini 3, 3, 5, na kwa nini haitoki namba shufwa, na hapo ndipo hisabati inapoanza. Anayekuruhusu kuruka hatua hiyo anakunyang'anya kitu pekee ambacho shindano linakipima.

Najua tabia hii inatoka wapi. Karatasi ya hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili hapa Kenya, ni saa mbili na nusu: maswali 16 ya sehemu ya kwanza yote, kisha 5 kati ya 8 ya sehemu ya pili. Piga hesabu, ni kama dakika saba kwa swali. Kwa mwendo huo, kukariri kunasaidia na simlaumu mtu. Shindano la kimataifa la hisabati kwa wanafunzi linatoa maswali matatu kwa saa nne na nusu, kesho yake matatu mengine kwa muda uleule. Dakika tisini kwa swali moja! Hakuna mtu anayekupa dakika tisini ili ukumbuke fomula. Lilipofanyika mara ya kwanza, Romania mwaka 1959, swali la kwanza kabisa liliwataka wanafunzi waonyeshe kwamba sehemu (21n + 4)/(14n + 3) haiwezi kurahisishwa, n iwe namba yoyote asilia. Zidisha ya chini mara 3, ya juu mara 2, toa: 42n + 9 kutoa 42n + 8 inabaki 1. Namba yoyote inayogawa juu na chini lazima igawe 1 pia. Basi. Haya ni mambo ya kigawo kikubwa cha shirika, uliyafanya kabla hujaingia shule ya upili.

Kwa hiyo mzazi anayeambiwa mtoto wake lazima kwanza alipiwe masomo ya juu, sijui kalkulasi, sijui nini, ndipo aweze mashindano, ashike pesa yake. Na hizi programu za simu za kupiga picha swali likajitatua, mimi sizipigi marufuku darasani kwangu kwa ukali. Nachukua tu simu, namwambia mwenyewe aje ubaoni anieleze mstari wa pili umetoka wapi. Wengi hurudi kukaa.

Wewe rudi kwenye mkeka. Jaribu 1/x + 1/y = 2/7, bila fomula, na uniandikie mpaka hapo utakapokwama, si jibu tu. Ile karatasi ya shilingi 200 usiitupe. Kama ni ya fotokopi kama nyingine nilizoziona, nyuma yake ni tupu, na mabano yako yatatosha.