Tuwaombeeje wafungwa na watoto wao?

SWALI: Shalom, Mchungaji. Kaka yangu yuko gerezani. Kanisani huombewa "wafungwa wote", lakini wifi yangu hukaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya baraka. Tumsaidieje?

JIBU: Dada mpendwa, Waebrania 13:3 yatuagiza tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao, na aliyefungwa pamoja na mwenzake hulijua jina lake. Ombeni basi kwa majina, wifi yako akiridhia, maana aibu (nimeiona mara nyingi) huifunga familia isiyohukumiwa. Mary Kay Beard, mfungwa wa zamani wa Marekani, alianzisha huko Alabama mwaka 1982, chini ya huduma ya magereza iliyoasisiwa na Charles Colson mwaka 1976, utaratibu wa kuwapa watoto wa wafungwa zawadi za Krismasi kwa jina la mzazi, si la kanisa. Nanyi, mkishakubaliana na kaka yako siku ya kumtembelea, mpelekeeni mwanawe madaftari muhula ukianza, mkimwambia, "Baba amekutumia." Kisha mwombeeni wifi nyumbani kwake, jikoni, sufuria ikiwa bado mekoni.