Kutoka darasani kwenda kazini kwa watu: niache ualimu?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa Kemia na Baiolojia katika sekondari ya serikali. Nina miaka 37, kazini nina miaka 12. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo ni ofisa rasilimali watu kwenye hoteli moja mjini. Ameniambia wanatafuta mtu wa kuwafundisha wafanyakazi usafi na usalama, na anaona nitaweza. Nimevutiwa, ila naogopa. Watu wazima watanisikiliza? Nikasome cheti gani? Na je, niandike barua ya kuacha kazi sasa? Mume wangu anasema nisubiri, mama yangu anasema nimechanganyikiwa.
Mwalimu M., Gongo la Mboto

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua ya kuacha kazi usiiandike bado. Nimelitanguliza hilo ili nyumbani mlale vizuri leo.

Nami nilishika chaki miaka 11 huko Temeke, nikifundisha Hisabati, kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya kufundisha wafanyakazi. Mafunzo yangu ya kwanza yalikuwa kwenye kiwanda cha sabuni ya unga, kando ya Barabara ya Nyerere. Nilijiandaa kama mwalimu anayesubiri wakaguzi: andalio la somo, slaidi arobaini, picha za rangi. Saa nane mchana nikaletewa watu waliotoka kula, wengine wakiwa wamekesha zamu ya usiku. Nikafundisha, nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitika, "Tumeelewa, mwalimu." Wiki iliyofuata pakiti zikaendelea kuvuja vilevile.

Niliomba kuingia zamu ya usiku nikaone. Kwenye mashine ya kuziba pakiti nikamkuta mama mmoja wa makamo. Slaidi yangu ilikuwa imemwambia asome kipimo cha joto. Kioo cha kipimo hicho kilikuwa kimegandwa na vumbi la sabuni, hakisomeki kabisa. Yeye alikuwa anashika pakiti kwa vidole viwili, anaivuta pale ilipozibwa, anatega sikio. Plastiki ikitoa mlio mkavu, anapunguza moto kidogo. Ikinyooka kimyakimya, anaongeza. Vijana wa mashine za pembeni hawakuujua mlio huo, maana hakuna aliyewahi kuwasikilizisha.

Basi slaidi nikaziweka kando. Kioo kikasafishwa, vijana nikawaleta wawili wawili kwa yule mama, dakika ishirini kila jozi. Hakuna aliyeondoka kabla ya kuziba pakiti kumi mbele yetu, nasi tukaziminya moja moja. Mwalimu siku ile alikuwa yule mama. Kazi yangu ilikuwa kuupanga ujuzi wake ufundishike, na hilo, mwalimu mwenzangu, ndilo jambo tunaloliweza kuliko watu wengi waliokaa maofisini.

Kwa hiyo "mmeelewa?" liache getini shuleni. Mtu mzima atakwambia ameelewa kwa sababu ya heshima, au kwa sababu msimamizi wake amesimama mlangoni, au kwa sababu basi la Mbagala halimsubiri. Sema "nionyeshe."

Sasa hoteli yako. Wewe umebeba kitu ambacho mimi wa Hisabati sikuwa nacho. Wafanya usafi wengi huchanganya jiki na dawa ya kusugulia choo wakiamini vikikutana nguvu huongezeka. Dawa nyingi za choo zina asidi. Unajua kinachotoka hapo: gesi ya klorini, inayowasha macho na kuchoma mapafu, tena ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha. Kuna dada ambaye amekohoa hivyo miaka mitatu akidhani ni "mafua ya hotelini". Hilo linaniuma sana, kwa sababu somo lenyewe ni la robo saa na halihitaji fomula hata moja.

Usiende na mlinganyo wa kemikali. Nenda na chupa zao wenyewe, zile zilizohamishiwa kwenye chupa za maji ya kunywa bila lebo. Zipange sakafuni, umwombe kila mmoja akuonyeshe ipi anaanza nayo, anaisuuza vipi, ipi haikutani na ipi. Alama za hatari wasomeni pamoja kwenye chupa halisi. Angalia pia nani anarudi nyuma na kusema amesahau miwani. Huenda kusoma kunampa shida, na hatakwambia mbele za wenzake. Mpe alama ya rangi, umpe na heshima yake.

Watakusikiliza? Watakusikiliza ukiwafuata walipo. Waite mama, kaka, dada, kama wanavyoitana wenyewe. Usimnyooshee mtu kidole ajibu. Mtu mwenye wajukuu usimsahihishe mbele ya kijana aliyeajiriwa mwezi jana, mvute pembeni.

Kuhusu cheti, usianze na ada. Ukitaka kusomea, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iko hapahapa Dar, imeundwa kwa sheria ya 1975, na kufundisha watu wazima ndiyo kazi yake. Ila jifunze kwanza kupima. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: waliyapenda, walijifunza, wanatenda tofauti, na kazi yenyewe imebadilika. Sisi walimu tumezoea kuishia ya pili, kwenye mtihani. Mwajiri hulipia ya tatu na ya nne. Kwa hiyo kwenye mkataba wako weka siku ya kurudi baada ya mwezi mmoja, ilipwe kama siku nyingine. Wakikuambia tayari wanalipa tozo ya ufundi stadi serikalini, ile ya kugharimia mafunzo, ni kweli, na haikuzuii kudai chako. Usifundishe bure "ili wakujue". Bure ikishazoeleka, bei huipandishi.

Sasa ile barua. Kima cha chini cha kupata pensheni ya kila mwezi ni miezi 180 ya michango, nawe una kama 144. Nenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, chukua taarifa ya michango yako, na uulize kwa maandishi miaka hiyo itahesabiwaje ukihamia mwajiri wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi. Mkopo wa chuo nao, kama hujaumaliza, utakufuata. Mume wako yuko sahihi, mwambie nimesema. Mama yako mweleze taratibu, anaogopa tu usipoteze kazi ya serikali.

Likizo ya Juni itumie. Andika kuomba ruhusa ya mwajiri wako, kwa sababu bado ni mtumishi wa umma na hutaki kesi. Kisha mwambie rafiki yako kwamba kabla ya kukubali chochote unaomba zamu mbili za kuangalia tu, moja asubuhi kwenye vyumba, moja usiku kwenye dobi. Akikataa, niandikie tena, maana hapo kuna jambo. Akikubali, nenda na daftari na viatu visivyoteleza. Ukishaandika andalio lako la kwanza, niletee kupitia ofisi ya gazeti. Nitalisoma kwa kalamu nyekundu, kama tulivyozoea.