Presha kuka ya stima: inunue kwa ajili ya maharagwe, si kwa ajili ya vitufe

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu presha kuka ya stima huanza na kampuni. Ipi nzuri, ipi inadumu, ile ya vitufe vingi ama ile ya kuzungusha. Mimi huanza na kitu kingine: kwenu mnapika nini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa? Kama ni ugali, mayai, sukuma na omena, hiyo pesa ipelekee shughuli nyingine, maana mashine itakaa juu ya kabati ikikusanya vumbi. Lakini kama maharagwe, githeri, ndengu, matumbo ama kuku wa kienyeji hupita jikoni kwenu kila wiki, hapo tunaweza kuongea.

Na kama unaishi Nakuru kama mimi, unaihitaji kuliko mtu wa Kisumu. Dada yangu mkubwa anakaa Mamboleo, Kisumu, na kwa miaka mingi tulibishana kwenye simu kuhusu maharagwe ya rosecoco. Yeye anasema yake huiva mapema, mimi nasema yangu hayaivi, na kila mmoja anashuku mwenzake aliuziwa maharagwe ya mwaka juzi. Maharagwe yaliyokaa sana kwenye ghala kweli huwa magumu, lakini tofauti kubwa iko kwenye mwinuko. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100. Kisumu iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru iko karibu mita 1,850, na hapa yanachemka kwenye nyuzi 94. Ukiongeza makaa yatatokota kwa fujo na kukauka haraka, ila joto halipandi hata kidogo. Maharagwe na mahindi makavu huhisi hizo nyuzi chache vizuri sana.

Presha kuka inafungia mvuke ndani, presha inapanda, na maji yanapita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Hicho ndicho unacholipia. Vitufe vyote vile vya keki, mtindi na uji ni mapambo.

Mwinuko huohuo unaelezea kwa nini kijitabu kinachokuja na mashine huwadanganya watu wa huku. Muda ulioandikwa mle kwa kawaida ni wa sehemu zilizo karibu na usawa wa bahari. Hapa Nakuru mimi huongeza kama moja ya tano: kijitabu kikisema dakika 30, naweka 36. Dada yangu Kisumu anaongeza dakika mbili tatu tu na inatosha. Mtu wa Eldoret, ambako ni juu zaidi, aongeze kuliko mimi. Wengi huvunjika moyo mara ya kwanza kwa sababu hii: wanafungua, maharagwe bado yana ukakasi, wanasema mashine ni bure.

Kwangu mimi, rosecoco zilizolowekwa usiku kucha huchukua dakika 20 za presha. Zisizolowekwa, 50. Githeri ya mahindi makavu yaliyolowekwa, 40. Ndengu bila kuloweka, 15. Matumbo ni 35 hadi 40, na nyama ya ng'ombe yenye mifupa ni vivyo hivyo. Kuku wa kienyeji wa kawaida 35. Jogoo mzee wa kijijini, usiniulize, ongeza tu na uonje.

Sasa, hapa wauzaji hawasemi ukweli wote. Hizo dakika 20 huanza kuhesabiwa presha ikishapanda. Kupanda kwenyewe ni dakika 10 hadi 20 kulingana na sufuria imejaa kiasi gani na maji yalikuwa baridi kiasi gani, halafu kuna muda wa kusubiri presha ishuke. Ukijumlisha, maharagwe yaliyolowekwa yanafika karibu saa nzima. Faida ni kwamba hiyo saa hausimami jikoni. Huongezi maji, hupulizi makaa, huna wasiwasi kwamba yataungua ukienda kumchukua mtoto shuleni.

Kuhusu stima, hofu ya watu ni kubwa kuliko gharama. Mashine ya lita 6 huwa na wati 1,000 hivi, yaani ikivuta nguvu zote kwa saa moja mfululizo itakula uniti moja. Lakini haivuti mfululizo. Inavuta sana hadi presha ipande, baada ya hapo inazima na kuwaka kidogokidogo kuishikilia. Sufuria yangu ya maharagwe haifiki nusu uniti. Usiniamini mimi, soma mita yako kabla ya kuwasha na uisome tena ukimaliza, siku ambayo hakuna anayepiga pasi. Kisha linganisha na makaa ama gesi ambayo ungetumia kwa chakula hichohicho. Mimi nilianza kupiga hesabu hizi Julai 2021, gesi ilipowekewa VAT ya asilimia 16. Hiyo kodi iliondolewa baadaye, Julai 2023, lakini mimi nilikuwa nimeshahama kwa vyakula vigumu na sikurudi.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye tokeni. Tangu Aprili 2023, wanaotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi wako kwenye bei ya chini kabisa, wa kati ya 30 na 100 wanalipa zaidi, na wanaopita 100 zaidi tena. Kama wewe ni wa taa mbili na simu, na uko uniti 27 ama 28, kupika kwa stima kunaweza kukuvusha mstari, na uniti zako zote zikapanda bei. Familia iliyo na friji na televisheni kwa kawaida imeshavuka zamani, kwa hivyo hilo lisiwakoseshe usingizi.

Wapangaji nao wana shida yao. Kuna ploti ambazo mwenye nyumba amepiga marufuku koili na chochote kinachopasha moto, hasa pale mita ni moja na bili inagawanywa. Ongea naye kabla ya kununua, mwoneshe kwamba wati 1,000 ni chini ya zile za birika la stima la kawaida. Na usiichomeke kwenye ekstensheni ile nyembamba ya kuchajia simu, pamoja na birika na pasi. Ichomeke ukutani moja kwa moja. Soketi ikipata moto ukiigusa, tafuta fundi kwanza.

Ukifika dukani, uliza mpira wa kifuniko kabla ya kuuliza bei. Mpira huo wa duara ndio unaozuia mvuke, na ndio utakaochoka wa kwanza. Utalegea ama utapasuka, na siku hiyo mashine nzima inakuwa sufuria ya kawaida yenye waya. Muulize muuzaji akuoneshe mpira wa ziada wa modeli hiyohiyo, ushike kwa mkono. Akikuambia utaagizwa Nairobi, mwambie asante, uende duka linalofuata. Kwa sababu hii sinunui modeli ya ajabu ambayo hakuna mtu mwingine mtaani anayo, hata ikiwa na punguzo la bei.

Ukubwa: kwa watu wanne hadi sita chukua lita 6. Usidanganywe na hiyo sita, kwa sababu maharagwe na nafaka hazifai kupita nusu ya sufuria. Zinavimba na kutoa povu, na povu likiziba tundu la mvuke una tatizo. Vyakula vingine unaweza kufika theluthi mbili. Kwa hiyo kwa maharagwe una lita tatu tu za kweli. Ya lita 3 inamtosha mtu anayeishi peke yake. Ya lita 8 ni ya nyumba zenye wageni kila wikendi; ni nzito na inachelewa kupata presha.

Angalia pia sufuria ya ndani. Nyingi ni za alumini zilizopakwa kitu kisichoshika chakula, na hizo zinataka mwiko wa mbao ama plastiki peke yake. Kuna za stili, ambazo unaweza kusugua bila huruma. Ukiwa na wasichana na wavulana wanaoosha vyombo kwa stilwulu, unajua ya kuchagua. Na mtu aliyezoea kutia magadi kwenye maharagwe ajue kwamba magadi hayana kazi hapa, presha inatosha, tena yanakula alumini pale rangi ilipochubuka.

Maharagwe yenyewe ni kazi rahisi. Toa mawe, osha, loweka, mwaga yale maji. Weka maji mapya yapite maharagwe kama vidole viwili, kijiko cha mafuta kupunguza povu, chumvi ukitaka. Nyanya zisubiri, asidi yake huchelewesha maharagwe kulainika. Mashine ikimaliza, usifungulie mvuke papo hapo, utapata maji ya maharagwe mpaka kwenye dari. Acha dakika 15 ama 20 hadi kile kipini kidogo cha kifuniko, kinachoinuliwa na presha, kishuke chenyewe. Kipini kikiwa juu, kifuniko hakifunguliwi, na atakayekilazimisha ataungua. Kwa ndengu subiri vilevile. Nyama isiyo na povu unaweza kuitoa mvuke mapema, ukitumia mwiko mrefu, uso mbali, na mashine isiwe chini ya kabati.

Kukaanga mimi hufanya pembeni kwenye gesi. Mashine ina kitufe cha kukaanga, lakini vitunguu na nyanya vikigandia chini halafu ukafunga kifuniko, itagoma katikati kwa sababu imeona chini kunaungua. Unga wowote wa kufanya mchuzi uwe mzito pia utie mwishoni, kifuniko kikiwa wazi.

Onyo moja ambalo nalichukulia kwa uzito: kama mashine yako ina kitufe cha kupika polepole, usikitumie kwa maharagwe mekundu mabichi. Yana sumu ya asili inayovunjwa na moto mkali, na ule moto mdogo unaweza usitoshe. Mtu akila anatapika na kuharisha. Kwa presha, hiyo sumu inaisha.

Stima ikipotea katikati, na itapotea, usikimbilie kufungua. Joto la ndani linaendelea kupika kwa muda. Andika tu ulianza saa ngapi, maana mashine nyingi husahau kila kitu stima ikirudi.

Mama mkwe wangu kule Mumias alipoionja ingokho (kuku) ya mashine alisema, "Nyama imeiva, mwanangu, lakini moshi uko wapi?" Sikuwa na jibu. Ana haki. Kuna vitu havihamii humu: ugali unataka mwiko na mikono, mrenda unataka kuonwa, managu hupondeka mara moja na kupoteza rangi. Mimi huchemsha kilo nzima ya maharagwe Jumapili, nayagawa kwenye mikebe na kuyaweka kwenye friza, kisha katikati ya wiki kazi ni kukaanga tu huku ugali ukisongwa kwenye gesi.

Ukimaliza, toa mpira, uoshe, ukauke kabisa kabla ya kurudisha. Pitisha maji kwenye tundu la mvuke, na ufute sehemu ya chini ya sufuria ya ndani, isirudi ikiwa na maji pale inapokaa kwenye chuma cha moto. Kifuniko kikae kimepinduliwa, kisifungwe, la sivyo kesho kutakuwa na harufu. Harufu ya matumbo hukaa kwenye mpira hata ukitumia limau na soda, kwa hivyo mimi nina mipira miwili: mmoja wa nyama, mwingine wa wali na uji wa mtoto.